Maswali ya Wasomaji: Mlima wa Moto na Msimu wa Theluji

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa wazazi na ndugu walioko hapa Mombasa ambao watu wao wanaishi ughaibuni, chini ya milima ya moto: Iceland, Sisilia, na Kagoshima kule Japani. Wengi mmeuliza habari za lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yanayotoka mlimani. Tutaijibu hiyo lava, lakini tutakaa zaidi kwenye nyumba. Majivu na gesi vinakulazimisha uzibe kila tundu, baridi inakulazimisha uwashe moto, na moto ndani ya nyumba iliyozibwa hugeuka sumu. Hapo ndipo wageni kutoka pwani wanapoponzeka, kwa sababu nyumba walizozizoea zinapitisha hewa.

Swali: Mwanangu anafanya kazi kiwanda cha samaki katika rasi ya Reykjanes, Iceland. Nikisikia volkano imelipuka silali. Je, lava inaweza kumkuta usingizini? *Mama wa Likoni*

Jibu: Pole mama. Lava ya huko ni ya basalti, aina ya jiwe jeusi, joto lake hupita nyuzi 1,100, lakini ikishatoka mbali na ufa wake kwa kawaida huenda mwendo ambao mtu anaukimbia kwa miguu. Tena ardhi hutangulia kusema: matetemeko madogo huongezeka na ardhi huvimba, na vyombo vya wanasayansi hunasa yote hayo. Mji wa Grindavík, wenye watu wapatao 3,700, ulihamishwa usiku wa tarehe 10 Novemba 2023. Mlipuko wenyewe ulikuja tarehe 18 Desemba. Tarehe 14 Januari 2024 ufa mwingine ulifunguka ndani ya boma la udongo lililojengwa kuukinga mji, lava ikateketeza nyumba tatu. Watu walikuwa wameshaondolewa.

Kinachotutia wasiwasi zaidi kwa kijana wako ni nyufa. Ardhi ya Grindavík ilipasuka mahali pengi, na theluji ikianguka huziba midomo ya nyufa hizo. Kwa juu utaona uwanja mweupe uliosawazika. Chini yake pana shimo la mita nyingi. Januari 2024 mfanyakazi aliyekuwa akijaza ufa mjini humo alitumbukia, wala hakupatikana. Mwambie asikate njia uwanjani, asivuke utepe wala kizuizi hata kama ni njia aliyoipita jana, na akiona mahali theluji haikai ilhali pembeni imejaa, ajue chini pana joto au mvuke, arudi alikotoka.

Jambo la pili ni muda. Milipuko mingine ya eneo hilo ilitoa onyo la nusu saa tu. Desemba jua la Reykjavík huchomoza kama saa tano na dakika ishirini asubuhi na kutua saa tisa u nusu alasiri, kwa hiyo akiambiwa aondoke huenda akawa anafunga mizigo gizani. Mkoba uwe mlangoni daima: pasipoti na kibali cha kazi, dawa za siku saba, tochi ya kichwani, betri ya kuchajia simu, soksi za sufu jozi mbili, glavu na maji. Mabuti yakae juu ya mkoba, maana mtu akikimbia na viatu vya ndani kwenye theluji, miguu hufa ganzi upesi. Simu isizimwe usiku. Onyo huja kwa ujumbe mfupi. Namba ya dharura ni 112.

Swali: Nilisikia lava ilikata bomba la maji moto huko huko Iceland. Mimi ni fundi bomba. Nyumba hupashwaje joto kwa bomba, na likikatika mtu afanye nini? *Fundi, Changamwe*

Jibu: Swali la fundi, tutalijibu kifundi. Kituo cha Svartsengi huchimba mvuke na maji ya chumvi yaliyochemka ardhini. Maji hayo hayafai kupita kwenye mabomba ya nyumba, kwa hiyo hutumiwa kupasha maji safi, na hayo ndiyo yanayosafirishwa hadi mijini. Ndani ya nyumba hupita kwenye radieta, zile mbavu za chuma chini ya madirisha, kisha hutoka yakiwa yamepoa. Tarehe 8 Februari 2024 lava ililipita bomba kuu, na zaidi ya watu 20,000 wa rasi ile wakakosa maji moto kwa siku kadhaa, nje kukiwa chini ya nyuzi sifuri. Kila mtu akakimbilia hita za umeme. Nyaya za mitaani hazikujengwa kwa mzigo huo, na wakazi wakaombwa wabane matumizi ili umeme nao usikatike.

Likitokea tena, mtu asijaribu kuipasha nyumba nzima. Achague chumba kimoja kidogo chenye kuta chache zinazotazama nje, wote wahamie humo. Blanketi itundikwe mlangoni, pazia lifungwe jua likitua, godoro liwekewe maboksi chini kwa sababu sakafu hunyonya joto la mwili. Hita moja ya wati 1,500 inatosha chumba hicho. Ichomekwe moja kwa moja ukutani. Waya wa kuunganishia mwembamba huchemka ukayeyuka. Iwe mita moja kutoka pazia na matandiko.

Sasa mabomba. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi, na chuma hakina pa kwenda, hupasuka. Joto la ndani likikaribia sifuri, afunge valvu kuu, afungue mfereji wa juu kabisa uingize hewa na wa chini kabisa utoe maji, na milango ya kabati za chini ya sinki aiache wazi. Radieta zina valvu zake. Kabla ya kuzimwaga aulize mwenye nyumba au fundi wa pale. Kosa kubwa hufanyika siku joto linaporudi: watu hufungua valvu yote kwa furaha. Bomba lililopasuka halivuji likiwa limeganda, huvuja barafu ikishayeyuka. Afungue robo, azunguke nyumba nzima akipapasa maungio kwa mkono mkavu, kisha aongeze kidogo kidogo. Na bomba lililoganda lisipashwe kwa moto wa gesi. Mashine ya kukaushia nywele inatosha, akianzia upande wa mfereji uliofunguliwa.

Swali: Ndugu yangu aliniambia umeme ulipokatika waliingiza sebuleni jiko la makaa la kuchomea nyama, kama seredani yetu, wakaota moto. Nilimwambia vizuri. Nilikosea? *Msomaji, Majengo*

Jibu: Ulikosea dada, na tunakuomba umpigie leo umwambie wasirudie hata siku moja. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikeri koo. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala, na haamki. Seredani yetu huwekwa uani au kwenye nyumba yenye madirisha ya mbao na dari inayopitisha upepo. Nyumba za nchi za baridi zina vioo viwili na mpira pembeni, na siku ya majivu watu huongeza selotepu juu yake. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kwa makaa.

Jenereta nayo ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, ekzosi ikielekea mbali na madirisha. Kuna king'ora kidogo cha betri kinachonusa gesi hii. Kitundikwe karibu na wanapolala. Kikilia, watoke wote nje kwanza, baridi ama si baridi, kisha wapige simu.

Swali: Dada yangu ameolewa kijiji cha Nicolosi, juu ya mji wa Catania kule Sisilia. Mlima Etna ukitema majivu juu ya theluji, paa litahimili? Wanaambiwa wapande wafagie. *Msomaji, Kisauni*

Jibu: Hapa hesabu ndiyo inayosema. Theluji mpya ya sentimita 10 huweka kilo 5 hadi 10 tu juu ya kila mita ya mraba. Majivu makavu ya kina hicho hicho ni kilo 50 hadi 100. Yakilowa, kilo 100 hadi 200. Yaani mifuko miwili hadi minne ya simiti, kila mita ya mraba! Paa la mita 60 za mraba litabeba tani 6 mpaka 12. Theluji iliyolala chini ya majivu inalowa pia, maana majivu meusi ya tabaka jembamba hunyonya jua na kuiyeyusha haraka, na maji yake hupanda kwenye majivu.

Ikumbukwe kuwa haya si majivu ya jikoni. Ya jikoni ni kuni iliyoungua, yakipata maji hulainika yakaenda zake. Ya volkano ni mawe na kioo kilichosagika. Yasugue kati ya kidole gumba na cha shahada: hukwaruza kama msasa, na hayayeyuki majini. Ndiyo maana hayafai kumwagiwa mpira wa maji ili yaingie kwenye mifereji ya paa; hukaa humo yakashikana kama zege, na maji ya theluji hurudi nyuma yakapenya chini ya vigae.

Wafagie mapema, majivu yakiwa sentimita 2 au 3 na kabla mvua haijaja. Kwanza wachomoe bomba linaloshusha maji ya paa kwenye tangi. Kisha wanyunyize maji kidogo tu, kiasi cha kuzuia vumbi, na wakiona barafu waache kunyunyiza kabisa. Wachote upande huu kidogo na upande ule kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, uzito wa upande wa pili huupinda muundo wa paa. Yatiwe kwenye mifuko imara, robo mfuko tu, la sivyo hakuna atakayeunyanyua. Asipande mtu peke yake, na kwenye vigae vyenye barafu asipande mtu kabisa: watumie beleshi la mpini mrefu wakiwa kwenye ngazi iliyoshikiliwa, au waite watu wa kazi hiyo. Ndani wakisikia dari inalia, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama, paa limeanza kushuka. Watoke.

Swali: Binti yangu anasoma Catania, wenzake wanapanga kwenda kutazama lava ikiteremka juu ya theluji. Nimkataze? *Baba, Nyali*

Jibu: Mkataze kuikaribia. Lava ikipanda juu ya theluji, maji hunaswa chini yake, hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha vipande vya mawe ya moto kila upande. Tarehe 16 Machi 2017 hilo lilitokea Etna, na watu wapatao 10 wakajeruhiwa, wakiwamo waandishi wa habari waliokuwa na waongozaji. Atazame kutoka mbali, na asisimame kwenye bonde la mto. Theluji na barafu ya mlimani ikiyeyushwa na mlipuko hushuka kama tope la mawe. Huko Kolombia tarehe 13 Novemba 1985 mlima wa Nevado del Ruiz ulilipuka mlipuko usio mkubwa sana. Saa mbili na zaidi baadaye tope likaufikia mji wa Armero, na watu kama 23,000 wakafa. Wangaliweza kuokolewa kwa kupanda kilima kilicho karibu. Hilo linauma mpaka leo.

Swali: Ninakwenda Kagoshima kwa masomo. Nimeambiwa volkano ya Sakurajima iko ng'ambo ya maji tu. Baridi yake ikoje, na majivu? *Mwanafunzi, Tudor*

Jibu: Iko karibu kweli, mwanangu, feri huvuka kwa dakika 15 hivi. Watu wa pwani hulifahamu jambo hili upesi kuliko wengine, kwa sababu ni habari ya kaskazi na kusi. Huko pia pepo hubadilishana: kiangazi upepo hupeleka majivu mjini Kagoshima, na majira ya baridi upepo wa kaskazini-magharibi huyasukuma upande wa pili, rasi ya Osumi. Kwa hiyo ukifika Januari usidhani umeambiwa uongo. Asubuhi tazama utabiri wa mwelekeo wa majivu ndipo uanike nguo. Manispaa hutoa mifuko ya manjano ya kutilia majivu. Yana mahali pake pa kuachwa, hayachanganywi na taka. Kunyesha theluji mjini ni nadra, ila nyumba nyingi hupashwa kwa hita za mafuta ya taa zinazowaka mle mle chumbani. Ukiwa nayo, fungua dirisha dakika moja au mbili, mara moja au mbili kila saa, hata siku ya majivu. Chagua dirisha lisilotazama upepo.

Swali: Mke wangu ana pumu, tunahamia Iceland. Barakoa ya kawaida itamsaidia? *Msomaji, Mikindani*

Jibu: Kwa majivu, avae barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana uso vizuri, ndevu au mtandio ukipita chini yake huvunja ule mbano. Barakoa za hospitali husaidia kidogo, kitambaa au khanga kidogo zaidi, na kukilowesha hakukiongezei nguvu ya kuchuja majivu.

Kwa gesi, hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa. Salfa dayoksaidi hupita kama hakuna kitu. Inanukia kiberiti kilichowashwa, na ni nzito zaidi ya mara mbili ya hewa, kwa hiyo usiku wa baridi usio na upepo hutuama mabondeni na kwenye vyumba vya chini. Gesi nyingine nzito, kaboni dayoksaidi, hufanya vivyo hivyo. Watu wa Goma wameipa jina *mazuku*, na neno hilo la Kiswahili sasa linatumiwa na wanasayansi wa dunia nzima. Vituo vya kupima hewa Iceland hutangaza kiwango cha salfa dayoksaidi kwa mikrogramu. Kikipita 350 kwa mita ya ujazo, mwenye pumu abaki ndani, asifanye kazi nzito, apumue kwa pua kwa sababu pua hunasa sehemu ya gesi hiyo. Inhela ikae mfukoni mwa ndani ya nguo ipate joto la mwili. Ikipoa sana haitoi dozi kamili.

Wakati wa mlipuko wa Holuhraun huko huko Iceland, ulioanza Agosti 2014 na kwisha Februari 2015, wakazi walifundishwa njia ya nyumbani. Gramu 5 za magadi ya kuokea, yaani kijiko kimoja cha chai, huyeyushwa katika lita moja ya maji, kitambaa chepesi huchovywa, hukamuliwa na kutandazwa mbele ya feni chumbani. Magadi hushika asidi. Kitambaa kikikauka kichovywe tena. Madirisha yafungwe, na mashine yoyote inayovuta hewa ya nje izimwe. Gesi ikishapita, fungueni nyumba yote kwa dakika 10, baridi iingie, kisha mfunge.

Swali: Kuendesha gari kwenye majivu na barafu kwa pamoja? *Dereva, Bamburi*

Jibu: Ikiwezekana, usiendeshe. Majivu yaliyolowa huteleza, na hufuta mistari ya barabara. Catania pikipiki na baiskeli hupigwa marufuku siku za majivu mengi. Ukilazimika, usiwashe waipa kwenye kioo kikavu, kitakwaruzika mara moja. Mimina kwanza maji ya kuoshea kioo yenye alkoholi yasiyoganda mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri. Funga hewa ya nje, acha nafasi kubwa mbele yako, na ukirejea kagua chujio la hewa: likigeuka kijivu, libadilishe, usilipulize kwa mdomo. Iceland tairi zenye misumari huruhusiwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 14 Aprili. Tangi lisishuke chini ya nusu. Na kabla ya kuwasha gari lililolala kwenye theluji, fukua ekzosi kwanza, kwani ni gesi ile ile ya makaa itakayorudi ndani.

Swali: Maji yakikatika, wanaweza kuyeyusha theluji wanywe? *Msomaji, Mji wa Kale*

Jibu: Theluji iliyoangukiwa na majivu, hapana. Majivu hubeba asidi na floraidi, na kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke huzidi kuwa makali. Baada ya mlipuko wa Laki wa 1783 mifugo mingi ya Iceland ilikufa kwa floraidi iliyotua kwenye majani. Waweke maji mapema, lita 4 kwa kila mtu kwa siku, yasiyopungua ya siku tatu, ndani ya nyumba ambamo hayataganda. Theluji ya majivu inafaa kumwaga chooni tu.

Swali: Na sisi Mombasa je? Kenya ina volkano. *Mwanafunzi, Kizingo*

Jibu: Iliyo karibu nasi ni safu ya Chyulu, kaskazini-magharibi mwetu, ambako lava changa iitwayo Shetani imelala katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Ni changa kwa hesabu ya mawe, karne chache. Mvua inayonyesha Chyulu huchujika ndani ya mawe hayo na kuibuka chemchemi za Mzima, na bomba la kutoka Mzima huleta sehemu ya maji tunayokunywa mjini. Kwa sasa volkano inatunywesha.

Swali: Mlipuko ukitokea tukawa hatuwapati kwa simu, tufanyeje? *Wazazi kadhaa*

Jibu: Msipige mfululizo. Simu ya sauti hula betri, na mtandao wa eneo la mlipuko hujaa. Tumeni ujumbe mfupi mmoja wenye swali la kujibika kwa neno moja: "Uko salama?" Kubalianeni kabla ya msimu nyakati mbili za kila siku ambazo atajibu ujumbe, na mhesabu tofauti: Iceland iko nyuma yetu kwa saa tatu, Sisilia wakati wa baridi saa mbili, Kagoshima iko mbele kwa saa sita. Awape pia namba ya mtu mmoja anayeishi mji mwingine wa nchi hiyo hiyo, nanyi muwe na picha ya pasipoti yake na anwani yake kamili, namba ya nyumba na ya ghorofa, iliyoandikwa kwenye karatasi.